Vijiti vya Pooja

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimerudi kutoka misa ya kwanza. Sijashika hata kitasa cha geti – Ladu keshanisikia! Analia kule ndani kama vile nimeondoka mwaka. Nilipofungua alinirukia, akavuta gauni, akakojoa hapohapo kwa furaha, juu ya kiatu changu. Kiatu cha kanisani. Sikukasirika. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Wiki tatu sasa tangu Karan amlete ndani ya boksi la viatu. Katoto ka mbwa kadogo, mviringo, rangi ya zile ladu tamu Mama Jayshree anazoviringisha wakati wa Diwali. Jina likaja lenyewe.

"Dada Getu, nakuachia wewe," Karan aliniambia. "Nyumba nzima hii ni wewe unayejua kulea."

Neno hilo nimelibeba wiki tatu. Na ni kweli. Karan mwenyewe nilimkuta ana miaka minne, leo ana ishirini na tisa. Wazazi wake walikuwa mjini dukani kutwa na vitambaa vyao, mimi niko hapa Mkolani na mtoto. Nani alimfundisha kufunga kamba za viatu? Nani alimshika mkono siku ya kwanza ya shule, akanililia mpaka blauzi ikalowa? Mimi sikuzaa. Naandika tu, silalamiki.

Ladu anakula wali na maziwa, na chapati iliyolowekwa. Nyama humu haiingii. Samaki wangu napikia uani kwenye jiko langu la mkaa, Mama hana neno na hilo. Ila kitu cha ng'ombe – hapana. Hata supu. Mama Jayshree aliniambia siku ya kwanza nilipofika kutoka Ukerewe kufanya kazi kwao, na miaka yote hii sijamvunjia. Baba Ishwarlal, mumewe, kafa, mimi nimebaki, na sijamvunjia.

Jumatano, 4 Juni

Pooja kafika. Ndege ya asubuhi kutoka Nairobi. Walioana Februari, akabaki huko kumalizia mkataba wa kazi yake. Sasa ndiyo kahamia. Masanduku manne!

Nilijiandaa kwa moyo mweupe kabisa. Nimepika bamia, dengu, kachori anazopenda Karan. Nimemwogesha Ladu, nimemfunga utepe wa bluu shingoni. Nilitaka bibi harusi aone nyumba ina mtu.

Kumbe utepe nimejifungia mwenyewe. Karan kamchukua Ladu mikononi mwangu, kampelekea mkewe. "Haya, zawadi yako. Nilikuahidi, unakumbuka?"

Zawadi yake! Wiki tatu hakunitamkia hilo hata mara moja. Mimi nilikuwa natunza mzigo wa mtu.

Pooja kaketi chini sakafuni na suruali yake nyeupe. Kamlaza Ladu kwenye mapaja. Kisha kanitazama, tabasamu lote.

"Auntie, asante sana kumuangalia. Umechoka. Sasa wacha nikusaidie."

Auntie. Mimi ni shangazi yake wa wapi? Nikajibu, karibu, Dada Pooja. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi, 5 Juni

Ladu kalala chumbani kwao. Asubuhi hakuja mlangoni kwangu kukwaruza. Nilisubiri mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeelewa siri yake. Paketi!

Inang'aa, ina picha ya mbwa anacheka, inanukia maziwa na asali. Ndani kuna vijiti, virefu kama kalamu mpya. Vya kutafuna. Eti vimetengenezwa kwa viazi na unga wa mchele, hamna nyama, kwa hiyo hata Mama kaviruhusu. Pooja akitikisa tu ile paketi, Ladu anatoka popote alipo. Leo alikuwa miguuni kwangu uani, nachambua mchele. Kakrakra! – nimebaki na vumbi.

Baadaye Pooja kaniita eti anifundishe. Mimi! Kasema meno yanamuota Ladu na fizi zinamuwasha, lazima atafune kitu, vinginevyo atakula viatu. Ila si kila kitu. Kachukua kijiti, kabonyeza kwa ukucha. "Ona, Auntie. Ukucha ukiacha alama, kiko sawa kwa meno yake. Kikiwa kigumu, ukucha ukateleza, usimpe." Kisha: nikimpa nikae naye mwanzo mpaka mwisho, nisimuache peke yake hata dakika. Na kikibaki kifupi – kapima kwenye kidole chake gumba – nimnyang'anye nitupe. "Hapo ndipo wanameza kizima. Kinaziba hapa." Kajishika koo.

Nikasema sawa. Moyoni nasema, binti wa miaka ishirini na sita, hajalea hata kuku, ananionyesha mimi koo lilipo.

Karan alikuwa amesimama mlangoni anamtazama mkewe akifundisha. Yale macho. Sijui kama nimewahi kutazamwa na mtu yeyote kwa macho yale.

Jumatatu, 9 Juni

Makopo yangu ya viungo yamepangwa upya. Kila moja limebandikwa karatasi yenye jina. Bizari, iliki, mdalasini. Mimi nilikuwa nayajua kwa kuyashika tu. Leo nimesimama mbele ya kabati la jiko langu nasoma kama mgeni dukani.

Chai ya asubuhi kapika Pooja. Karan kanywa vikombe viwili. "Tangawizi imekaa sawa leo." Leo! Miaka ishirini na mitano ilikuwa imekaa wapi?

Mama naye. Zamani saa kumi jioni ilikuwa yangu na yake, tunakaa barazani namsomea ujumbe wa simu kwa sababu macho yamepungua. Sasa anasomewa na Pooja, tena kwa Kigujarati, wanacheka. Nilipopita na ndoo Mama kasema, "Getruda, pumzika sasa, tumepata msichana." Kasema kwa upendo, najua. Lakini kuna maneno ya upendo yanayokata kuliko ya hasira.

Nimemwita Ladu. Kageuza sikio moja tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nilitumwa Mabatini kununua mkaa na nyanya. Nikapita buchani kwa Ngosha. Nilipita tu, nasema.

Ngosha kanicheka. "Mama Getu wa Wahindi! Leo umeasi?" Nikamwambia ni kwa ajili ya mbwa. Mbwa ana meno, nikasema, na mbwa wa Kisukuma hakukua kwa viazi. Kanikatia ngozi ya kongoro la ng'ombe, ile ya kifundoni, nene na kano zake. Kasema, ibanike kwenye mkaa mpaka ikauke, atatafuna wiki nzima, hata ukimuita kwenye karamu hatoki.

Nimeifunga gazeti, nikaifunga na mfuko, nikaifukia chini ya nyanya. Nilipofika getini nikazipanga nyanya upya juu yake. Mama alikuwa barazani. "Umepata nyanya nzuri?" Nzuri, Mama. Nikapita.

Chini ya nyanya, jamani. Nyanya za mchuzi wake.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeibanika mchana wakati Mama kalala na Pooja kaenda mjini kwa mumewe. Nilitia na dagaa jikoni ili harufu ipotelee humo. Imekauka, nyeusi pembeni, ngumu kama soli.

Nilibonyeza kwa ukucha. Naandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunisoma. Nilibonyeza. Ukucha uliteleza.

Nikasema moyoni, hayo ni mambo ya kwenye paketi.

Saa kumi kasoro Ladu kaja mwenyewe. Pua imemleta mpaka chumbani kwangu. Kalala kwenye mkeka wangu, kashika ngozi kwa miguu yote miwili, anaguguna na kunitazama, anaguguna na kunitazama. Mkia unapiga sakafu. Barazani nikasikia Pooja karudi, paketi inatikiswa. Kakrakra. Kakrakra! Hakunyanyua hata kichwa.

"Ladu? Laduuu?" Pooja anaita.

Nilifunga mlango taratibu kwa mguu. Sijafurahi hivi tangu mwaka uanze. Mungu anisamehe, ila ni kweli.

Jumapili, 15 Juni

Sasa ana ratiba. Kila alasiri yuko kwangu. Namkatia kipande, anatafuna, nakichukua, nakirudisha kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo liko chini ya kitanda. Nakaa naye, nasema wazi, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyoelekeza bibi harusi. Mimi si mjinga.

Pooja kaniuliza wakati wa chakula, "Auntie, Ladu anafanya nini huko kwako kila siku?" Nikasema analala tu, kanizoea. Kashusha macho. Kachezea ukingo wa sahani. Kwa mara ya kwanza nimeona uso wa mtu aliyeachwa mlangoni.

Nilijua ladha ya ule uso. Sikumwonea huruma. Bado.

Jumanne, 17 Juni

Pooja kamwambia Karan, na mimi nasikia kutoka jikoni, kwamba haelewi kakosea nini, hata mbwa hamtaki, kule Nairobi alikuwa na watu. Karan kacheka kidogo, kamwambia mpe muda. Sauti yake Pooja ilikuwa imebanwa, kama mtu anayelia na hataki kulia.

Nilisimama na mwiko. Kidogo niende nimwambie. Kisha Karan kasema, "Dada Getu ana mkono wake, huwezi kushindana naye" – na nikakaa. Niliona raha, nikakaa.

Alhamisi, 19 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi Ladu alikuwa chumbani kwangu na ngozi. Kilikuwa kipande cha mwisho, kimebaki kama kidole gumba. Nilikiona. Nikasema, dakika mbili tu, nimuache amalizie utamu wake, halafu nakitoa. Mama kaita kutoka chumba cha sala. "Getruda! Taa imemwagika mafuta!" Nikakimbia. Taa ya samli ilikuwa imeanguka kwenye kitambaa, Mama kaogopa moto. Nikafuta, nikabadilisha kitambaa, nikamkalisha. Dakika tano. Labda saba.

Nilipotoka – mlango wangu uko wazi, mkeka mtupu. Hakuna Ladu, hakuna kipande.

Nikazunguka nyumba. Ladu alikuwa barazani, kati ya miguu ya Pooja, na Pooja ana kijiti kipya mkononi, uso umejaa furaha. Karudi kwangu! Nilimsoma usoni. Kamnyooshea. Na mimi nikaona shavu la Ladu limevimba upande mmoja. Alikuwa nacho mdomoni. Alikuja nacho. Akaona cha pili, akataka kupokea bila kukosa cha kwanza – akameza.

Sikupiga kelele. Kwa nini sikupiga kelele? Ilikuwa sekunde moja na mdomo wangu haukufunguka.

Ladu kadaka kijiti, katafuna mara mbili, kisha kakiacha kikaanguka. Kakohoa bila sauti. Kajikwaruza mdomo kwa miguu. Mate yanachuruzika. Kazunguka, kaanguka kwa ubavu, na fizi zake – Mungu wangu – zile fizi za waridi zikawa rangi ya jivu, halafu za bluu.

Mama katoka, kapiga ukelele. Mimi niko kama nguzo.

Pooja ndiye aliyemshika. Kamfungua mdomo, kachungulia, kasema sioni kitu, sioni, sitii kidole nisije nikakisukuma. Kambinua kichwa chini, kamshika nyonga, kampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha kamkumbatia tumboni chini ya mbavu, kambana kwa ngumi kwenda ndani na juu. Anahesabu kwa sauti, machozi yanatiririka, hesabu haipotei. Mara ya tatu Ladu akatoa sauti kama bawaba ya mlango. Kavuta pumzi! Povu, damu kidogo, kipande cha kijiti cha viazi kikatoka. Kile kingine hakikutoka.

Tukachukua bajaji mpaka kliniki ya Dokta Machibya. Mimi nimeshika taulo. Dokta kammulika tochi kooni, kamminya shingo, kamminya tumbo. Kasema kimeshuka, kiko tumboni, njia ya hewa iko wazi. Kasema aliyempiga mgongoni kamwokoa. Pooja kaanza kulia upya.

"Kilikuwa nini?" Dokta kauliza.

Pooja katoa paketi kwenye mkoba. Dokta kasoma, kageuza, kasoma tena. "Viazi na mchele. Basi hiki kitalainika kitatoka chenyewe, tusubiri siku mbili." Kisha kavua glavu, kasema kama anaongea na ukuta: "Kingekuwa mfupa au ngozi ningempasua leo hii. Ngozi haiyeyuki. Inavimba."

Inavimba.

Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote. Taulo nimelikamata kifuani. Nikasema – najua nilichosema, hakuna wa kunidanganya – nikasema, "Ahsante, Daktari."

Ijumaa, 20 Juni

Mama kamsema Pooja asubuhi mbele yangu. Taratibu, hapandishi sauti, ndiyo mbaya zaidi. Kasema mtoto wa mbwa si mdoli. Kasema vitu vya madukani vya Nairobi vilikuja na masanduku, vingebaki huko huko. Kasema, "Wiki tatu Getruda alimlisha wali, hakukohoa hata mara moja."

Wiki mbili hizi zote ningelipia kusikia maneno hayo. Yalinishuka kooni kama mchanga.

Pooja hakujitetea. Kaichukua ile paketi, kaitupa kwenye ndoo ya taka. Kasema, ni kosa langu, Mama. Nilimpa, sikuangalia. Kisha kaingia kulala chini karibu na Ladu.

Karan kanikuta uani. Kaniuliza, Dada, uliona ilivyokuwa? Nikasema nilikuwa chumba cha sala na Mama. Si uongo. Kaniwekea mkono begani, kasema, laiti ungekuwa naye wewe. Kaondoka kwenda dukani.

Ladu hali kitu. Maji anakunywa, anayatapika. Tumbo gumu.

Nimelitoa kopo chini ya kitanda nikaenda kulitupa kwenye shimo la taka la jirani. Nimeficha. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, anatembea na kopo chini ya khanga kama mwizi wa kuku.

Nikisema: nimeingiza ng'ombe kwenye nyumba ya Mama. Chini ya nyanya zake. Nimemtazama mkwewe akisutwa, nimenyamaza. Nitatoka humu na begi. Ukerewe nimebakiwa na nani? Kaka yangu Antoni na mke asiyenipenda.

Nisiposema: inavimba.

Na bado – niandike hili pia – kuna kipande ndani yangu kilichofurahi aliposutwa. Leo hii, na Ladu anatapika, kilifurahi. Sijui nikitapike vipi hicho.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwenye benchi nje ya kliniki. Daftari nilikuwa nalo kwenye mkoba na hakuna kingine cha kufanya na mikono.

Asubuhi Ladu hakuweza kunyanyua kichwa. Karan alikuwa keshakwenda kufungua duka, Mama yuko kwenye sala. Pooja kaketi sakafuni jikoni, Ladu mapajani, anamtia maji mdomoni kwa kijiko, yanatoka pembeni. Kasema bila kunitazama, "Dokta alisema siku mbili, Auntie. Leo ni ya pili. Kitatoka leo, sivyo?"

Hata hajaniuliza kama mfanyakazi. Kaniuliza kama mtoto anavyomuuliza mtu mzima.

Nikasema, "Hakitatoka. Si kijiti chako."

Kanyanyua macho.

"Ni ngozi. Nilimpa mimi. Nilikuwa nampa kila siku kule chumbani, ndiyo maana alikuwa haji kwako. Aliimeza mbele yako na mimi nikaona."

Bomba linadondosha tone.

"Ngozi ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Katazama mlango wa chumba cha sala. Kengele ya Mama ilikuwa inalia humo, ndogo, ting ting. Nilingoja kofi. Nilingoja aite. Nilitamani kabisa aite, angalau niwe na sababu ya kumchukia.

"Kwa nini?" kauliza.

Nikasema, "Alikuwa wangu kabla hujaja." Na nilipolisikia likitoka nikajua si la mbwa tu. Naye alijua. Uso ukamlegea, kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango siku nyingi na kumbe unafunguka kwa kuvuta.

"Chukua taulo," kasema. "Twende."

Kwenye bajaji kampigia Dokta Machibya. Mimi nimekaa ubavuni kwake, Ladu juu ya magoti yetu wote, kichwa kwangu, miguu kwake. Nikamsikia: "Daktari, nilikosea. Si kijiti, ni ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa. Ndiyo. Mimi. Mimi ndiye nilimpa."

Nikamshika mkono. Katikisa kichwa, kamaliza kuongea, kakata simu.

"Mama ameshanikasirikia mimi tayari," kasema. "Juu ya hapo, ngozi ni kuongeza tu. Mimi ni mke wa mtoto wake, hawezi kunifukuza. Wewe akikutoa utaenda wapi, Auntie?"

Alikuwa keshalifikiria! Kati ya jikoni na getini, keshanifikiria mimi, na pa kulala pangu. Mimi siku kumi na saba sijamfikiria yeye hata nusu saa, isipokuwa kumtakia baya.

Ningetakiwa kushukuru. Nilitazama nje, maduka yanapita, macho yananiwaka. Wivu! Bado wivu! Hata wema kaniwahi. Nimelea nyumba ile tangu yeye anatambaa, na mwenye roho kubwa kaja kuwa yeye.

Dokta kampokea Ladu mlangoni. Kasema bora mmesema, kesho ingekuwa tumechelewa. Kasema leo pia hawezi kuahidi, utumbo unaweza kuwa umeshaumia. Kanyoa manyoya ya tumboni, ngozi yake ya chini ni ya waridi, kama ya mtoto mchanga. Ladu alinyoosha pua kunitafuta. Halafu akamtafuta Pooja. Sisi wote wawili tuliweka mikono, akatulia. Kisha ile sindano, na tukaambiwa tutoke.

Imepita saa moja na dakika kumi na mbili sasa. Mlango umefungwa. Kunguru wametua kwenye bati, wanakwaruza. Pooja kakaa mwisho wa benchi, damu ya juzi bado iko kwenye ukucha wake, hakuitoa vizuri. Kaniuliza mara moja tu, Ladu alikuwa analala wapi zile wiki tatu. Nikamwambia, miguuni kwangu. Kasema, kule chumbani alikuwa analia mlangoni siku mbili za mwanzo, yeye Pooja hakuniambia kwa aibu. Siku mbili! Nilikuwa sijui. Nimeona raha na nimeona haya, vyote kwa pamoja.

Karan kapiga. Keshapata ujumbe wa Pooja. Anamleta Mama, Mama kataka kuja mwenyewe, kasikia ni ngozi ya ng'ombe. Pooja kajifunga mtandio upya, kajifuta uso. Kaniambia chini chini: "Wewe usiseme kitu. Niachie mimi."

Gari hilo linaingia. Naiona khanga nyeupe ya Mama – hapana, ni sari, macho yangu. Karan anamfungulia mlango. Dokta naye kafungua wake kidogo, kachungulia, glavu zina damu, kasema nipeni dakika, msiingie bado. Uso wake sijausoma.

Pooja anasimama.

Jiko kachukua. Chai kachukua. Karan – haya, Karan ni mume wake. Lakini hili silitoi. Hili nililibeba mimi chini ya nyanya, nikalibanika kwa mkono wangu. Hawezi kuniwahi na hapa.

Mama anakuja na fimbo yake. Nafunga daftari, niwe wa kwanza kumsalimia. Shikamoo kwanza, halafu: ngozi nilileta mimi.